Koti la Mtani wa Kwedizinga

Jamani, aibu yenyewe mmeshaisikia nusunusu, maana hapa Mnyuzi habari ya mtu kutumbukia kwenye kaburi la mwenzake haiwezi kukaa siku mbili bila kufika stesheni na kurudi, na kila anayeisimulia anaongeza chake (kuna anayesema nilikuwa nimelewa, nami tangu nivunjike sijaonja hata togwa), kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, tena yote, pamoja na zile sehemu ambazo huwa naziruka tukikaa kijiweni. Mkitaka kucheka chekeni tu. Mimi mwenyewe huwa nacheka mpaka nifike mahali fulani, halafu nanyamaza.

Chanzo ni mchungwa. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto wanne, fundi ujenzi anayeaminiwa kupanda mpaka kwenye kenchi la paa la kanisa, napanda mchungwa wangu mwenyewe kufuata machungwa matatu ya kileleni ambayo hata ndege walikuwa wameyakataa, tawi likaachia bila hata kulia kwanza, nikajikuta chini na paja la kushoto limeelekea upande wake. La kushoto, lishikeni hilo. Nikapelekwa hospitali Korogwe, nikawekewa chuma ndani ya paja, nikalazwa wodi ya mifupa, na kitanda cha mkabala na changu alikuwa Mzee Semdoe.

Mzee Semdoe alikuwa Mzigua wa Kwedizinga, kule Handeni, mrefu, mkavu, aliyeangushwa na ng'ombe mnadani akavunjika nyonga ya kulia. Siku ya kwanza aliniuliza kabila, nikamwambia baba yangu alizaliwa kambi ya mkonge hapahapa Mnyuzi lakini babu alitoka Tabora, Mnyamwezi, na yule mzee ambaye asubuhi alikuwa hawezi kugeuka kitandani akainuka kwa kiwiko na kuniangalia kwa furaha. "Mpagazi wangu," akasema, "nimekutafuta siku nyingi. Mzigo wangu umeuacha wapi?"

Kwa asiyejua, Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani haombwi adabu. Anakutukana unacheka, anaingia jikoni kwako anafunua chungu, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja msibani akavaa nguo zako, akatembea ulivyokuwa ukitembea, akakohoa ulivyokuwa ukikohoa, mpaka waliokuwa wanalia wacheke kidogo wapumue. Wazigua wa rika la Mzee Semdoe wanaona maziko yasiyo na mtani yamepungua kitu.

Basi wiki tano tulizolala pale tulitukanana kwa raha zote. Tulijifunza kutembea pamoja kwenye korido ya wodi, yeye mguu mbovu wa kulia, mimi wa kushoto, naye akawa anawaambia manesi kwamba tungepasuliwa katikati na kuungwa upya angepatikana mtu mmoja mzima, na mabaki yangetupwa jalalani (mabaki, akasema, ni mimi). Matumizi ya magongo alinifundisha yeye. Alikuwa na namna yake: kwanza anakohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu, halafu magongo yote mawili mbele kwa kupishana kidogo, halafu mguu mbovu unafuata ukiburuzwa sakafuni. Tok, tok, shwaa. Nikawa namwigiza kumchokoza, wodi nzima inacheka, yeye anacheka kuwashinda wote.

Siku moja tu hakucheka. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, akaniambia kwamba Wanyamwezi waliobaki kijijini kwake wote wamekuwa watu wa dini sana, hakuna anayeujua tena utani wa msibani. "Nikitangulia mimi, uje unicheze," akasema. "Na ukianza, nicheze mpaka mwisho. Usiniache njiani." Nikamjibu kwamba kwa jinsi alivyokuwa anakula ugali wa hospitali, yeye ndiye atakayenizika mimi. Akasema haya.

Aliruhusiwa kabla yangu. Magongo yake yalikuwa ya mninga, aliyachongewa na fundi wa kwao, mazito, yamefungwa vipande vya tairi chini, yakawa yanamchosha, na yangu yalikuwa ya alumini, mepesi, Mama Neema mke wangu ameyazungushia kitambaa chekundu pa kushikia ili nisichubuke viganja, basi tukabadilishana. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga na dirisha la upande wangu lilikuwa halina kioo, akaniachia na koti lake, koti refu la kaki linalofika magotini, lenye vifungo vinne vyeusi na kimoja cha njano. Akaniambia nitampelekea nikipona.

Nami niliporuhusiwa daktari aliniita pembeni na Mama Neema, akasema wiki sita nyingine nipumzike, mguu wa kushoto usiguse chini kabisa, hata kwa kujaribu, mpaka nirudi nipigwe picha. Chuma kikicheza watafungua upya, na wakifungua upya mguu unaweza kutoka mfupi. Fundi mwenye mguu mfupi juu ya ngazi nani atampa kazi? Mama Neema alilishika lile neno kuliko mimi, akarudi nalo nyumbani, na kila nilipojaribu hata kunyoosha kidole alikuwa analitaja.

Sasa, kupumzika ninyi mnakusikia tu. Asubuhi si mbaya, watu wanapita, shikamoo marahaba nyingi, wanakuletea ndizi. Ubaya ni mchana, saa nane saa tisa, watoto wako shule, mke yuko shamba, jua limesimama, hata kuku wamenyamaza, na wewe umelala unaangalia bati. Ndio wakati nilipoanza kukohoa. Sikuwa na mafua wala kifua, ila kila nikitaka kuinuka lazima nikohoe kwanza, mara mbili, kifupi, kikavu. Mama Neema akaniuliza kikohozi hicho nimekitoa wapi, nikamwambia vumbi. Nikamdanganya, maana nilikuwa nakijua mwenyewe.

Halafu ikawa Alhamisi, saa zilezile za mchana. Nimelala, magongo yameegemezwa ukutani pale miguuni pangu, nayaona, nikasikia nje, upande wa nyuma ya nyumba, tok, tok, shwaa. Polepole, kwa kupumzika. Ikazunguka pembe ya jiko, ikaja chini ya dirisha, ikasimama. Nikaita nani huyo. Nikasikia kikohozi, mara mbili, na ninaapa mbele yenu kwamba safari hiyo sikukohoa mimi. Ikaendelea, ikazunguka mbele, ikapotelea njia ya barabarani.

Mama Neema aliporudi jioni alinijia juu. Alikuwa amesikia mchana akiwa anavuka reli, akadhani ni mimi nazurura uani na mguu wa chuma. Nikamwambia sijatoka. Akatazama magongo, akatazama mlango ambao alikuwa ameufunga mwenyewe kwa nje ili mbuzi wasiingie, akaenda kuwasha moto. Nikampigia simu Mzee Semdoe. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani, nikajisemea Kwedizinga mtandao ni wa kubahatisha.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi, uamuzi mdogo tu, wa mtu aliyechoka kuangalia bati: kesho yake Ijumaa nimpelekee Mzee koti lake, nimsalimie, nirudi kabla Mama Neema hajatoka shamba. Nilijiambia kwamba likishatoka koti nyumbani na hivi vikohozi vitaisha. Kuna jirani yetu hubeba machungwa kwa pikapu kupeleka njia ya Handeni, nikamwomba anipitishe, akanipakia mbele. Na koti nikalivaa. Mtu wa magongo mawili hana mkono wa kubebea mfuko, hilo ndilo lililoniponza, na pia, nisiwafiche, kuna kitu kingine nilikuwa nimekionea uvivu. Nilikuwa nimekonda, suruali zote zinanipwaya, na nguo ya ndani nilikuwa sivai tangu siku ya upasuaji kwa sababu mguu haukunjiki vizuri kuivaa, hivyo nilifunga suruali kwa kipande cha kamba ya katani, fundo moja, nikasema koti litafunika.

Jirani alinishusha barabarani, akaniambia njia ni hii, utakuta nyumba, ukimuulizia Mzee Semdoe utaonyeshwa, nitakuchukua nikirudi. Nikaanza njia ile kati ya mahindi yaliyokauka. Niliulinda mguu, nawaambia, nilikuwa nahesabu kila hatua na kumkumbuka daktari.

Nyumba ya kwanza, hodi, hakuna mtu. Ya pili, mlango umerudishiwa, sufuria liko juu ya mafiga, moto umezimika. Ya tatu hivyohivyo, na redio inaongea peke yake ndani. Mchana kweupe, kijiji kizima, hakuna sauti ya mtu wala ya kinu, wala ya mtoto, ni mimi tu na magongo yangu. Tok, tok, shwaa. Nikasema nikifika nyumba ya nne nikikosa mtu narudi barabarani.

Nyumba ya nne alikuwepo bibi mmoja, mzee sana, amekaa barazani kwenye jamvi, macho yote mawili yameingia ukungu. Kabla sijafungua mdomo akaniinulia uso.

"Semdoe," akasema, "umerudi kufuata nini tena?"

Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi si Mzee Semdoe, mimi ni mgeni wake. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kwenda shule. "Wameshakutoa nyumbani," akasema. "Wamepita hapa sasa hivi. Ukijikaza utawakuta." Akaninyooshea mkono upande wa mikorosho.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi niliamua kwamba ni uzee. Nikamshukuru, nikakohoa (mara mbili), nikashika njia ya mikorosho, kwa sababu kule kwa mbali niliona kofia nyeupe na kanzu, watu wengi, nikaelewa kwa nini kijiji ni kitupu: kuna mtu anazikwa. Nikafikiri, Mzee lazima yuko hapo hapo, na haipendezi kupita pembeni ya maziko bila kusimama. Hata sikujiuliza anazikwa nani.

Nilifika wakati wamekaa kimya wanasubiri mbao. Kaburi liko wazi, wachimbaji wametoka, udongo mwekundu umelundikwa kando, jeneza limewekwa chini limefunikwa shuka la kijani, shehe ameinamisha kichwa. Katika kimya kile nikaja mimi kwa nyuma yao. Tok, tok, shwaa. Nikakohoa.

Sijawahi kuona wanaume wengi namna ile wakigeuka kwa pamoja. Mmoja aliyekuwa karibu yangu alitoka mbio na kandambili moja. Wengine walishikana kanzu. Mimi nikatabasamu (adabu gani ile), nikawapa salamu, nikamuuliza mzee aliyekuwa mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani baba, namtafuta Mzee Semdoe, yuko wapi?"

Halafu mmoja akasema, huyu si yule Mnyamwezi wa hospitali? Akasema mwingine, ndiye, ni mtani, ni mtani wa marehemu. Kicheko kikapasuka pale makaburini, watu wanacheka wanafuta machozi, wanapiga mapaja, wanasema ona koti, ona kifungo, anajiulizia mwenyewe yuko wapi. Mtu mmoja akanionyesha jeneza, akasema huyo hapo amelala, mwamshe. Shehe peke yake ndiye aliyenuna.

Na mimi nikacheka. Nikacheka nao hivihivi, bila kuelewa, mpaka macho yangu yakaangukia shina la mkorosho lililokuwa nyuma ya jeneza. Yameegemezwa pale magongo mawili ya alumini, na pa kushikia pamezungushiwa kitambaa chekundu. Mdogo wa Mzee, Bakari, alikuwa amekuja nayo kwa sababu hakujua ayaache wapi.

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, makamasi yakitiririka, nikawa nasema Mzee, Mzee, nilikuwa nakuletea koti. Nao wakazidi kucheka, kwa sababu mtani msibani hulia kilio cha uongo, na wa kwangu waliuona umetia fora. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuitegemea maishani: kuwa na uchungu wa kweli mbele za watu mia, na kila chozi linapigiwa makofi. Nikajaribu kuwaambia sichezi. Wakasema anajua kweli huyu, na wakaanza kuniita, mtani, malizia, pima kaburi la mwenzako, maana nayo ni kazi ya mtani, kukagua kama nyumba inatosha. Mkono mmoja mgongoni, mwingine begani, wa heshima wote, wananisogeza. Gongo la kulia likazama kwenye udongo ule mpya. Nikaenda.

Nilitua kwa miguu. Mguu wa kushoto ndio uliotangulia, na uzito wangu wote juu yake, nikasikia mshtuko ukipanda mpaka kwenye meno. Nikasimama humo ndani, udongo umenifika mabegani, nikasubiri maumivu. Niliwaza ngazi zangu, daktari, Mama Neema. Maumivu hayakuja. Juu wanacheka, lakini kicheko kimekuwa cha mbali, na chini mle kuna ubaridi na harufu ya mizizi, na ubavuni mwangu, usawa wa magoti, ni ule mwanandani, ile nafasi iliyochimbwa kando kwa ajili yake, giza tupu. Humo ndimo kilimotoka. Kikohozi, mara mbili. Kifupi, kikavu, kama mtu anayetaka kuinuka.

Nilipiga kelele ambazo hata wao wakajua si utani tena. Kicheko kikakatika. Bakari akalala kifudifudi ukingoni akanipa mikono, wawili wakanishika makwapa, wakanivuta, na ile kamba ya katani, fundo moja, ikaachia hapohapo. Suruali ikabaki kaburini. Mimi nikapanda juu mbele ya shehe, mbele ya wazee wa Kwedizinga wote, nikiwa sina kitu kuanzia kiunoni kwenda chini isipokuwa koti la Mzee Semdoe, na lile koti, jamani, likashuka lenyewe mpaka magotini likanisitiri. Hakuna aliyeona kitu. Shehe aligeuka upande wa pili akasema astaghafiru, mtu mmoja akashuka kuifuata suruali, nami nikakalishwa chini ya mkorosho wakati wanamzika.

Huko njiani kurudi nyumbani kwa marehemu (mara hii nimebebwa kwenye kiti) ndipo Bakari aliponiambia. Mzee alikuwa anaendelea vizuri, alikuwa anatembea mpaka kisimani. Jana mchana, kama saa nane saa tisa, alisema anajinyoosha kidogo, akalala, hakuamka. Nilimuuliza mara mbili kama ni kweli saa nane saa tisa. Akasema ndiyo, jua lilikuwa limesimama.

Nilimwomba anivue koti alichukue. Akakataa. Nguo za marehemu ni za mtani, akasema, na isitoshe shemeji anakuita. Shemeji yake ni mke wa Mzee, Mama Zaina, ambaye alikuwa ameshaingia eda, yuko chumbani, hawezi kuonana na mwanamume wa kando. Nikaingizwa sebuleni, kuna pazia mlangoni mwa chumba, na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Nikatoa pole kwa pazia. Nikaanza kuomba radhi, kwamba sikujua, kwamba sikukusudia kumcheza, kwamba nimewaharibia maziko.

"Mtani," ikasema sauti ya ndani, "wanaume wote wamekuona. Mimi sikukuona. Nitembezee mara moja, nisikie tu."

Nitakataaje? Nikasimama, nikakohoa, nikavuka sebule ile ya saruji mpaka ukutani na kurudi. Tok, tok, shwaa. Tok, tok, shwaa. Nyuma ya pazia nilisikia akivuta pumzi ndefu, halafu akalia polepole, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu jana, na wanawake wakamwacha alie. Alipotulia akasema asante. Kisha akasema, "Hata mguu wa kulia. Hukukosea, ndivyo alivyokuwa akiuburuza ule wa kulia."

Nikatazama chini. Nawaambieni nilivyoona. Mguu wangu wa kulia, mzima, usiowahi hata kuchomwa mwiba mwaka huu, ulikuwa umelala nyuma yangu umepinda kidole. Na wa kushoto, wa chuma, ulikuwa umekanyaga saruji unyayo wote, umenibeba. Ina maana tangu barabarani, mahindini, kwa yule bibi kipofu, kote nilikokuwa nahesabu hatua nikijua naulinda, nilikuwa natembelea mguu uliovunjika. Nikakaa kwenye mkeka wa wanawake bila kukaribishwa.

Mama Neema alikuja na jirani wa pikapu jioni ile kunichukua. Kesho yake alfajiri tulikuwa hospitali. Daktari akapiga picha, akaiinua dirishani, akaitazama muda mrefu, akaniuliza nimefanya nini. Nikajua chuma kimekwisha. Akasema mfupa umeunga vizuri kuliko alivyotegemea, chuma hakijasogea, naweza kuanza kukanyaga kidogokidogo. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni aone. Nikatembea. Akaniita nirudi, akashika kidevu.

"Wa kushoto umepona," akasema. "Huu wa kulia uliumia lini?"

Mama Neema alijibu kwa niaba yangu kwamba haujawahi kuumia. Wakaupiga picha na wenyewe. Mzima. Daktari akasema ni mazoea tu ya magongo, nifanye mazoezi taratibu, nipumzike, mwendo wangu utarudi.

Kwa hiyo viapo vyangu ni hivi. Mgonjwa simwendei mpaka simu ipokelewe na mtu aliye hai. Suruali nafunga mkanda wenye bizimu. Na nguo ya mtani siivai tena. Koti limetundikwa nyuma ya mlango, Mama Neema alitaka kulichoma, nikamwambia hapana, lilinisitiri.

Ila kiapo kimoja bado kinanishinda. Ningetaka niape kwamba simwigizi tena marehemu, na ningeweza kuwa nimeshaacha. Asubuhi natembea hadi relini na kurudi, na nikiwaza sana kila hatua, nusu ya njia ule wa kulia unanyanyuka vizuri. Lakini kila Ijumaa, saa nane mchana, simu inaita, ni Mama Zaina. Hatuongei mengi. Ananisalimia, ananiuliza hali ya mguu, kisha ananyamaza, nami naelewa. Naiweka simu sakafuni, natoa magongo ya mninga uvunguni, nakohoa mara mbili, natembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, halafu naokota simu nakuta ameshakata.

Mzee aliniambia nimcheze mpaka mwisho, na eda ya Mama Zaina imebakiza wiki tatu. Zikiisha nitayarudisha magongo Kwedizinga, na hapo, naapa mbele yenu wote, nitaanza kutembea kwangu mwenyewe, kama nitakuwa bado nakumbuka nilivyokuwa nikitembea.